Sato wa Ziwa Oslund

Orville Haugdahl aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na moja bila kupiga honi hata mara moja. Siku moja paa dume alisimama katikati ya barabara ya kwenda mjini akatulia pale kama mwenye shamba, na Orville akazima injini akangoja. Watoto arobaini na wawili walikosa hesabu yote na nusu ya jiografia. Mwalimu mkuu alipomuuliza kwa nini hakupiga honi, alijibu kwamba yule paa alionekana ana mawazo.

Ndiye jirani yangu. Nyumba zetu zinatazamana ng'ambo ya njia, na Ziwa Oslund likishaganda, kibanda chake cha kuvulia samaki na hema langu vinatazamana tena juu ya barafu, kwa hiyo hakuna msimu ninaopumzika naye. Mimi kwetu Musoma. Nimekaa Minnesota miaka ishirini na mbili, napika katika shule ileile aliyokuwa akiipelekea watoto, na bado kuna siku watu wa hapa wananipandisha presha kwa upole wao. Mtu wa hapa akiwa anaungua moto, ukimuuliza kama anataka maji, atakwambia asante, usijisumbue. Lazima umuulize mara tatu. Ya kwanza anakataa kwa adabu, ya pili anakataa kwa mazoea, ya tatu anasema basi, kama yapo tu hapo karibu. Nimejifunza kuhesabu kama mtu anayepima dawa.

Alipostaafu walimpa kiti chake cha udereva, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kukikalia bila kuteleza. Akaenda akatafuta na mlango wa basi kuukuu, ule unaojikunja, na usukani wake na honi yake na kioo cha kuwatazamia watoto wa nyuma, akavifunga vyote kwenye kibanda chake cha kuvulia na kukipaka rangi ya njano. Ukimtembelea kwenye barafu, unasimama nje mpaka avute kile kipini chake, mlango ujikunje, upande. Anakaa mbele, anatazama ukuta wa mbao, wageni wanakaa kwenye benchi nyuma yake, na kila mmoja ana tundu lake lililotobolewa kwenye barafu kati ya miguu. Honi ilikuwa imeunganishwa na betri na ilikuwa nzima. Hakuipiga.

Tatizo la Orville lilikuwa mahali. Mwaka sitini na nane baba yake alitoa hapo samaki mmoja mrefu kama mpini wa sepetu, na tangu hapo kibanda cha kina Haugdahl hakijasogea hata hatua moja. Samaki wenyewe walishahama. Wako hatua mia mbili kaskazini, kwenye mawe, na kila mtu anajua, kwa sababu ndugu wawili wa kina Skaar, Duane na Milo, wanawatoa pale kila wiki. Nikamwambia Orville asogee. Akasema kina Skaar wako pale. Nikamwambia ziwa lina ukubwa wa wilaya nzima. Akasema hataki wadhani anawafuata. Nikamuuliza wamekaa pale tangu lini. Akasema tangu tisini na nne, lakini huwezi kujua, labda wanapita tu.

Kila Februari bintiye Karna, anayeishi jiji kubwa, humletea wajukuu wawili kwa mwisho wa wiki. Maren ana miaka kumi na macho ya mkaguzi. Otto ana sita, na wakishamvisha nguo zote za baridi mikono yake haishuki, inabaki imetanuka, na akianguka anangoja kuinuliwa. Miaka mitatu mfululizo walikaa kwenye benchi la basi lile lisilokwenda, wakatazama maji meusi, wakarudi kwao bila kuona hata gamba. Na upande wa pili kuna babu mwingine, Babu Denny, mzaa baba yao, ambaye hulipia jumba moja lenye mabwawa ya maji ya moto ndani kwa ndani, na mitelezo, na minazi ya plastiki. Naye anawataka Februari, kwa sababu ndipo jumba linapokuwa na nafasi.

Kwa hiyo mwaka huu Karna alimwambia baba yake kwenye simu, kwa upole, kwamba watoto wamekuwa wakubwa, wachague wenyewe. Jumapili saa kumi alasiri atakapokuja kuwachukua, watamwambia kama mwakani ni barafu au ni mabwawa, maana Denny anatakiwa kuweka nafasi mapema. Orville akasema ni sawa kabisa. Halafu akatoka akaja kunisafishia theluji mlangoni kwangu, na theluji nilikuwa nimeshaisafisha mwenyewe asubuhi. Alisukuma koleo juu ya sakafu tupu kama nusu saa. Mkewe Arlys amefariki miaka mitano sasa, na wajukuu wale ndio sauti pekee inayoingia katika nyumba ile. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Jumamosi ilikuwa kama miaka mingine. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Otto aliwapa majina visamaki vya chambo, kimoja kikafa, ikabidi mazishi yafanyike kwenye theluji na sote tukavua kofia. Maren alisoma kitabu chote na kuanza kusoma maandishi ya kopo la kahawa. Nje, Orville alikuwa ametega kibao kinachowekwa juu ya tundu, ambacho samaki akivuta mshipi kibendera chekundu kinafyatuka juu. Kibendera kililala siku nzima. Mara nne nilimwona Otto akijitokeza mlangoni kukitazama, na mara ya nne akarudi ndani kichwa chini. Hiyo ilinichoma.

Jioni Orville aliwarudisha nyumbani kwake, akawaacha wanatazama televisheni, akavuka njia akaja kwangu. Alisema hakai. Akavua viatu, akakaa dakika arobaini. Tuliongea habari za upepo wa Alhamisi, tukarudi kwenye upepo wa Jumatano. Muda wote alikuwa akiliangalia sinki langu, ambapo sato watatu walikuwa wamelala kwenye sinia wakingoja mlo wa Jumapili.

"Nadhani wewe huwa unapika samaki," alisema mwishowe.

"Huwa napika."

"Ni vizuri."

Nikamwacha ahangaike kidogo, kwa sababu na mimi ni binadamu. Halafu nikamuuliza kama anataka samaki. Akasema hapana, yeye ameshakula. Nikamwambia namuuliza mara ya pili. Akasema nisijisumbue. Nikamuuliza ya tatu.

"Basi," akasema, "kama yuko mmoja tu hapo karibu. Ningependa awe mmoja ambaye mtoto anaweza kumvuta."

Nikaelewa. Nikamwambia hawa wa kwenye sinia hawafai, nimeshawapara magamba, nimewatoa matumbo, nimewakata chale tatu tatu ubavuni na kuwajaza kitunguu saumu, ndimu, chumvi na pilipili. Lakini kwenye friza la banda la gari wamo wazima, na magamba yao na matumbo yao. Niende nimtolee mmoja, alale kwenye maji, asubuhi atakuwa laini. Akasema banda la gari ni mbali. Ni hatua kumi na mbili. Akasema kuna baridi. Nikamwambia nitavaa koti. Akasema, lakini umeshavua viatu, jirani.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ninalikiri. Ilitakiwa nimuulize mara ya tatu kuhusu friza. Nilikuwa kwenye barafu tangu saa kumi na moja alfajiri, miguu inauma, na mtu mzima ananikatalia msaada alioufuata mwenyewe. Niliuliza mara mbili, nikachoka. Nikamfungia yule wa kwenye sinia ndani ya mfuko wa mkate nikampa, na yeye akasema watoto hawaangaliagi sana vitu vidogo vidogo.

Jumapili saa tatu unusu nilikuwa hemani kwangu, nimefungua upenyo wa kutosha jicho. Nikamwona Orville akijikunjulia mlango, akatoka, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuangalia mtungi wa gesi. Akapiga magoti kwenye tundu la kibendera. Akamtoa sato kwenye mfuko wa mkate, akamtia ndoana mdomoni kwa uangalifu, akamteremsha. Halafu akakiinua kibendera kwa kidole, akarudi ndani, akakaa kwenye kiti chake cha udereva. Hakuwaita. Baadaye aliniambia kuwaita kungekuwa si haki, mvuvi lazima aone bendera yake mwenyewe. Basi kibendera kikasimama juu dakika ishirini na tano, mpaka Otto alipotoka kwenda kukojoa.

Walikuja mbio. Maren akavua glavu, akavuta mshipi mkono kwa mkono, na kwa kweli sura yake ilikuwa imefunguka, ile sura ya mkaguzi ilikuwa imekwenda. Halafu sato akatoka kwenye tundu. Alikuwa mweupe, hana gamba hata moja, tumbo limepasuka wazi toka shingoni hadi chini, na kwenye chale ya pili kilikuwa kimeng'ang'ania kipande cha kitunguu saumu.

"Amekatwa," alisema Otto.

"Inaonekana," alisema Orville.

Otto akainama akachungulia tumboni. "Babu, hana kitu ndani."

"Ndiyo maana akafuata chambo," alisema Orville, na sura yake haikubadilika hata kidogo.

Otto akaridhika. Alimgusa sato kila mahali kwa ncha ya kidole, akaonja kidole, akasema samaki wa chini ya barafu ni wa chumvi na wanawasha. Akapiga kelele ya furaha iliyofika mpaka kwa kina Skaar. Maren alimnusa samaki mara moja. Kisha akageuza kichwa polepole, akalitazama hema langu, kwenye ule upenyo, jicho kwa jicho.

Duane na Milo wakaja. Ni wazee wa miaka sabini na ushei ambao hawajaoa, wanashiriki gari moja na maoni mamoja, na Duane ndiye husema nusu ya kwanza. Walisimama mikono mifukoni. Walitazama zile chale. Nilimwona Milo anavuta hewa puani, akajua, na Duane akajua kwamba Milo amejua. Nikangoja waangue kicheko. Kwetu Musoma, mtu akivua samaki aliyeungwa viungo angeitwa jina hilo mpaka kaburini, yeye na watoto wake.

"Huyu ni tofauti," alisema Milo.

Hapa mtu akisema kitu ni tofauti, ujue amefika mwisho wa matusi anayoyajua. Duane akasema amewahi kuona ambao si tofauti kiasi hicho. Kisha wote wawili wakamshika Maren mkono wakampongeza. Wakaja na wengine. Walijipanga watu kumi na mmoja kwenye barafu, mmoja mmoja wakamtazama sato aliyekwisha kutiwa ndimu, wakampa mtoto mkono, wakamwambia Orville kwamba lile eneo lake hatimaye limejibu. Hakuna aliyetaja kitunguu saumu. Bibi mmoja alisema tu kwamba amesikia njaa ghafla.

Yangeisha hapo. Lakini Duane, katika kutafuta la kusema, akasema labda ofisa wa wanyamapori angependa kumwona, maana sheria inataka samaki mgeni aripotiwe. Alisema ili kumpa samaki heshima. Orville hakuweza kukataa, kwa sababu kukataa kungeonekana kama Duane amesema upuuzi. Kila mmoja akangoja mwenzake aseme haina haja. Hakuna aliyesema, na ofisa akapigiwa simu.

Jolene Prybil, ofisa wa wanyamapori, alifika saa saba mchana kwa pikipiki yake ya theluji, na bastola kiunoni na kipimo mkononi. Alikuwa amepanda basi la Orville miaka kumi na miwili, toka darasa la kwanza mpaka kumaliza shule. Nilifikiri, haya, serikali imefika, ukweli utasemwa.

"Mzee Haugdahl," alisema, "alikuwa hivi alipotoka?"

"Hivi hivi."

"Bila matumbo?"

"Bila."

Akakiinua kile kipande cha kitunguu kwa ncha ya kalamu. "Na hiki?"

"Hicho kilikuwa ubavuni," alisema Orville.

Jolene akaandika. Nilimsogelea nikachungulia daftari lake. Alikuwa ameandika urefu, uzito, na chini yake: majeraha, chanzo hakijulikani. Halafu akatangaza kwamba samaki wa nchi za joto akionekana mmoja, inabidi kuangalia kama wapo wengine. Akawaomba kina Skaar walete drili zao. Wakaanza kutoboa barafu toka kibanda cha njano kuelekea kaskazini, kila hatua kumi tundu moja, matundu ishirini kasoro moja, mpaka kwenye mawe. Na kwenye kila tundu Jolene alipiga magoti, akateremsha kamera, akafunika kichwa kwa koti, akatazama maji. Kwa muda wa saa mbili serikali ilitafuta chini ya Ziwa Oslund ndugu wa samaki niliyemnunua mimi kwenye duka la Wachina, ndani ya boksi.

Kwenye tundu la tisa uvumilivu uliniisha. Nikamfuata, nikamwambia Jolene, yule samaki ni wa kwangu.

"Dada Bhoke, najua," alisema, bado kichwa kimo ndani ya koti. "Nimekula kwako mara ngapi?"

"Sasa unatoboa nini?"

"Nikifunga daftari bila kutoboa, itaonekana sikumwamini. Yule mzee alinisubiri kila asubuhi nilipochelewa. Miaka kumi na miwili."

Nikarudi hemani nimejaa hasira isiyo na pa kwenda. Huko nikamkuta Maren, amekaa kwenye kiti changu na kitabu hajafungua.

"Shangazi, ulizidisha ndimu," aliniambia.

Alikula kwangu Februari iliyopita, na iliyotangulia. Akaniomba nisimwambie babu yake kwamba anajua, atajisikia vibaya. Nikamwambia babu yake naye ameniomba nisimwambie yeye. Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nikamuuliza, kwa hiyo mwakani itakuwaje.

"Nitamwambia Mama tuende kwa Babu Denny."

"Kwa sababu amewadanganya?"

"Hapana," akasema, na macho yakaanza kujaa. "Kwa sababu anajisumbua sana. Angalia, mpaka ofisa amekuja. Tusipokuja, Babu atapumzika."

Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa. Mtoto wa miaka kumi, na ugonjwa umeshamwingia. Orville alisema uongo wa kwanza wa maisha yake ili wasimwache, na sasa wangemwacha kwa adabu. Nilimwambia babu yake anawataka. Akaniuliza kama babu amesema. Hakuwa amesema, na mtu yule tangu nimjue hajawahi kusema anataka hata chumvi.

Saa kumi kasoro Karna alifika, akaegesha gari lake kando ya kibanda. Watu walikuwa bado wapo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka mbele ya ofisa. Akaonyeshwa sato. Akamtazama kwa muda, akasema naye kwamba ni tofauti. Halafu akauliza, haya, watoto, mwakani wapi.

Maren alisimama wima. Akasema wamefurahi sana, ila hawataki kumsumbua Babu, kwa hiyo ni sawa tu wakienda kwenye mabwawa.

Nilimtazama Orville. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko sato. "Mtakavyopenda ninyi," alisema. "Kule kuna joto." Na akaanza kuikunja kamba ya mshipi, ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Lazima turudi hapa," alisema mtu nyuma yetu.

Alikuwa Otto. Alikuwa anakuja toka upande wa kaskazini, mikono imetanuka kama kawaida yake, na mkono mmoja umelowa mpaka begani na umeshaanza kuganda. Fimbo yake ndogo ya kuvulia ilikuwa inaburuzika nyuma. Karna akamkimbilia, akaanza kumvua glavu, akamuuliza alikuwa wapi.

"Kwenye tundu la kumi na saba. Nimevua mwingine. Mkubwa." Akajaribu kuonyesha kwa mikono, lakini mikono ilikuwa tayari imetanuka mwisho wake. "Ana macho kama kioo."

Watu wakamsogelea. Samaki wa macho ya kioo ndiye wanayemwota hapa toka wakiwa matumboni mwa mama zao.

"Yuko wapi?" aliuliza Orville, na sauti haikuwa yake.

"Nimemrudisha," alisema Otto. "Alikuwa bado hajatengenezwa. Ana magamba mwili mzima, tumbo limejaa, hajakatwa hata mara moja. Na alikuwa anarukaruka." Akatutazama sote, akaona hatuelewi. "Hajawa tayari, Babu. Mwakani atakuwa tayari. Ndiyo maana lazima turudi."

Nikageuka nikamwona Milo Skaar, amesimama na drili yake karibu na tundu la kumi na saba. Duane akamuuliza kwa mbali kama ni kweli.

"Kilo nne," alisema Milo. "Na ushei."

"Na wewe ulikuwa hapo hapo?"

"Hatua mbili."

"Mbona hukumzuia?"

Milo akafikiri. "Alionekana anajua anachofanya," alisema.

Jolene akajifunika tena koti kichwani, ingawa hapakuwa na kamera, na koti likawa linatikisika. Maren alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza siku ile yeye na babu yake walitazamana moja kwa moja, na nikaona Orville ameelewa kwamba mtoto alijua tangu sato alipotoka majini. Akawa mwekundu toka kola mpaka kofia.

Karna alicheka mpaka akashika gari. Halafu akafuta macho, akasema, "Baba, wewe mwenyewe unataka warudi?"

"Wasije wakajisumbua," alisema Orville.

"Nakuuliza wewe. Unataka?"

"Ni safari ndefu. Na Denny ameshazoea kuweka nafasi."

Karna akashusha pumzi, akamchukua Otto mkono, akageukia mlango wa gari. Amekaa jiji kubwa muda mrefu mno, amesahau kuhesabu. Nami nilikuwa nimesimama pale, miguu inauma kama jana yake, na friza la hatua kumi na mbili likanijia kichwani.

"Orville," nikasema, "nakuuliza ya tatu. Unawataka, huwataki?"

Watu wote kwenye barafu wakatazama viatu vyao. Hapa mambo hayo hayasemwi mbele za watu. Orville alimtazama Otto, akalitazama tundu la kumi na saba, kule kaskazini kwa kina Skaar.

"Nawataka," alisema. "Nawataka kila mwaka."

Kisha, kama mtu aliyeogopa alichokisema, akaingia kibandani mwake na mlango ukajikunja nyuma yake. Maren akamwambia mama yake ampigie Babu Denny simu, amwambie asante, asijisumbue.

Hapo ndipo honi ilipolia. Ililia juu ya ziwa lote, ndefu, nene, mara ya kwanza tangu kiwandani, na milango ya vibanda ikafunguka mpaka ng'ambo, watu wakatoka na vikombe vyao vya kahawa kutazama nini kimetokea. Orville hakuondoa mkono. Otto aliruka akaanguka, akabaki chali anacheka, anangoja kuinuliwa.

Milo Skaar alisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo sasa ilikuwa tofauti.